Mshahara au Madaraka: Ni Kipi Kimzuiacho Fundi Hodari?



Katika mazungumzo ya mkataba mpya tuliomba nyongeza ya mshahara kwa mafundi wa daraja la kwanza. Sababu tuliyotoa ni moja, nayo inajulikana na kila mtu katika karakana: walio hodari wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka huacha pengo ambalo wanaobaki hulijaza kwa migongo yao. Matajiri wametujibu kwa upole mwingi. Wamesema kwamba fedha hazimzuii mtu. Kwamba mtu hodari hukaa mahali anapoaminiwa. Na kwa hiyo, badala ya nyongeza, wako tayari kutoa madaraka. Watateua viongozi wa zamu, wasimamizi wa timu na wakaguzi wa kazi kutoka miongoni mwetu. Mshahara utabaki ulivyo.

Mkutano wa tawi utalijadili jibu hili, na wanachama wengi wametuuliza kama lina ukweli ndani yake. Tunaona yafaa tulijibu kwa utaratibu, bila hasira, maana hoja iliyovaa nguo nzuri haishindwi kwa kelele. Hushindwa kwa kuvuliwa nguo ikaonekana ilivyo.

UKWELI ULIOMO

Kwanza tuseme wazi: ndani ya maneno yao mna ukweli, na mtu wa chama asiukane. Fundi si punda wa kufurahi kwa majani tu. Mtu aliyejifunza kazi miaka mingi, anayeweza kuisikiliza mashine akajua ugonjwa wake kabla haijafunguliwa, hutaka kuulizwa shauri. Huumia akiona mtu asiyejua spana akimpa amri. Wengi wenu mnawajua mafundi walioacha kazi ya mshahara wa kila mwezi wakaenda kwenye jua kali, Kamukunji au Gikomba, ambako mwezi mmoja kuna fedha na mwezi wa pili hakuna. Ukiwauliza sababu, si wote watakaotaja fedha. Wengine watakuambia: pale mimi ndiye ninayeamua.

Hata wenye elimu ya mambo haya wameandika. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake, walitoa kitabu baada ya kuwahoji mainjinia na wahasibu 203 wa sehemu za Pittsburgh. Waliwauliza ni wakati gani waliipenda kazi yao na ni wakati gani waliichukia. Walipotaja nyakati za furaha, wengi walizungumzia kazi iliyofaulu, kusifiwa kwa haki, kukabidhiwa madaraka na kupanda cheo. Mshahara ulitajwa zaidi pamoja na mambo ya uchungu. Tangu siku hizo waajiri wa dunia nzima wamekuwa wakikinukuu kitabu hicho kila mara mfanyakazi anapotaja neno nyongeza.

Lakini tazameni mambo mawili ambayo hayanukuliwi. La kwanza, waliohojiwa walikuwa mainjinia na wahasibu, watu wa mishahara mizuri katika nchi tajiri. Hawakuwa watu wanaohesabu nauli ya matatu kabla ya kutoka nyumbani. La pili, Herzberg hakusema mshahara haufai kitu. Alisema mshahara ukiwa mbaya, mtu huchukia kazi. Na mtu aliyekwisha kuchukia kazi humponyi kwa kumpa cheo. Kwanza ondoa kinachomchoma, ndipo uzungumze juu ya kinachompendeza. Matajiri wetu wamesoma ukurasa wa pili wakauruka wa kwanza.

JAMBO HILI LILIAMULIWA ZAMANI

Katika nchi yetu swali la kumzuia mfanyakazi asiondoke si jipya hata kidogo. Lilijibiwa mara ya kwanza kwa kipande. Kuanzia mwaka 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri aliandika humo mshahara wake, ili mwajiri wa pili akijua kiwango asitoe zaidi. Aliyeacha kazi bila kutiwa sahihi alitafutwa na polisi kama mwizi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kwanza ya kumbakiza mtu kazini: si mshahara wala madaraka, bali kifungo. Na bado watu waliondoka.

Waliondoka kwa sababu mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa kwamba mke yuko shambani, na shamba ndilo litakalolisha watoto, na mume atakuja mjini miezi michache apate fedha za kodi kisha arudi. Mabwana wakubwa wa wakati huo walilalamika kila siku kwamba Mwafrika hakai kazini, hajifunzi ufundi, hana haja ya fedha nyingi. Walimlaumu mtu kwa kufanya kile ambacho mshahara wao ulimlazimisha kufanya.

Wafanyakazi wa Mombasa walijibu mwezi wa Januari 1947. Watu wapatao 15,000 waliweka kazi chini, bandarini, relini, mahotelini na majumbani. Katika mgomo ule ndipo kikatokea chama ambacho Chege Kibachia alikiongoza, mpaka alipokamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akapelekwa Kabarnet. Sasa angalieni walivyodai. Walidai nyongeza, ndiyo. Lakini pia walidai malipo sawa kwa kazi sawa, na kuheshimiwa kazini. Hawakuchagua kimoja. Walijua kwamba dharau na mshahara duni hutoka katika mfuko mmoja.

Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walipata mshahara usiotosha hata mahitaji ya lazima ya afya na heshima. Ikashauri kwamba kima cha chini kiache kupimwa kwa mtu mmoja, kipandishwe hatua kwa hatua mpaka kimtoshe mtu na jamaa yake. Sababu yake haikuwa huruma tupu. Kamati ilisema wazi kwamba bila mshahara wa kulisha jamaa hakutakuwa na wafanyakazi wa kudumu, na bila wafanyakazi wa kudumu hakutakuwa na ufundi.

Mishahara ya mjini ilianza kupanda katika miaka iliyofuata, na kufika miaka ya 1960 malalamiko ya waajiri yalikuwa yamegeuka: hawakulia tena kwamba watu hawakai. Kwa haki tuseme kwamba kazi nazo zilikuwa zimekuwa haba, na mtu aliyeshika kazi aliogopa kuiachia. Hata hivyo fundi aliyeweza kuleta mke wake mjini na kusomesha mtoto alikuwa na sababu ya kukaa ambayo baba yake hakuwa nayo.

MADARAKA YA TATU KWA TANO

Wako watakaosema: basi mwajua nyinyi wenyewe kwamba mshahara ndio kila kitu. Sivyo. Historia ile ile ina sura ya pili.

Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilishauri kwamba Mwafrika katika utumishi wa serikali, hata akishika cheo kile kile cha Mzungu, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Fikirini jambo hilo. Mtu alipewa dawati lile lile, faili zile zile na lawama zile zile kazi ikiharibika, lakini alilipwa shilingi tatu mwenzake anapolipwa tano. Hayo yalikuwa madaraka bila malipo yake, nayo yaliitwa maendeleo. Kanuni hiyo ilidumu mpaka Tume ya Lidbury ilipoiondoa mwaka 1954.

Baada ya hapo viwango vya mishahara viliandikwa bila kutaja rangi, lakini vyeo vya juu vikabaki mikononi mwa walewale. Fundi Mwafrika wa reli alijua kwamba hata akiwa hodari namna gani, kuna mlango ambao hautafunguka. Ndiyo sababu vyama vya wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1950 vilidai vyeo kwa nguvu ile ile vilivyodai shilingi. Kwa hiyo tumejaribu vyote: tumejaribu madaraka bila mshahara, na tumejaribu kiwango cha mshahara bila njia ya kupanda. Vyote viwili tunavijua ladha yake. Hakuna haja ya kutufundisha leo kana kwamba jambo hili limezuliwa jana.

Na neno lenyewe, madaraka, si neno la kuchezewa katika Kenya. Tarehe 1 Juni 1963 nchi ilipopata Madaraka, watu walifurahi kwa sababu walikabidhiwa kazi pamoja na mfuko wa kuifanyia. Madaraka yasiyo na mfuko wananchi wangeyaita jina tu.

WAUGUZI NA MADAKTARI

Kama yuko mtu ambaye bado anaamini kwamba madaraka peke yake humzuia mtu, aende hospitali usiku. Atamkuta muuguzi mmoja na wodi nzima ya wagonjwa. Hakuna mfanyakazi katika nchi hii mwenye madaraka makubwa kuliko huyo: kabla ya asubuhi ataamua nani aitiwe daktari sasa na nani asubiri. Anaaminiwa na roho za watu. Je, madaraka hayo yamemzuia? Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi. Mwaka 2021 serikali ya Kenya ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili wauguzi wetu waende kufanya kazi kule. Aendaye kule hafuati madaraka makubwa zaidi. Mara nyingi huanza chini ya cheo alichokuwa nacho hapa. Hufuata mshahara utakaomjengea mama yake nyumba.

Madaktari nao wamepita njia hiyo. Mwezi wa Desemba 2016 waligoma, wakakaa siku 100 mpaka Machi 2017, na viongozi wa chama chao wakatiwa jela mwezi wa Februari kwa sababu ya mgomo huo. Walichodai ni mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 ambao haukutekelezwa. Mkataba huo haukuwa wa fedha tu: ulikuwa na mambo ya mafunzo, ya kupandishwa vyeo, na ya kuajiri madaktari zaidi ili mmoja asibebe kazi ya watatu. Mwaka 2024 waligoma tena siku 56, kutoka 14 Machi mpaka 8 Mei. Safari hiyo ubishi mkubwa ulihusu madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 na zaidi kwa mwezi. Serikali ikataka kuwapa 70,000. Lakini hakuna aliyetangaza kwamba mwanagenzi atashughulikia theluthi moja ya wagonjwa, au atawajibika theluthi moja akikosea. Kazi ilibaki nzima. Kilichokatwa ni mshahara peke yake.

Hapo ndipo siri ya maneno haya mazuri inapofichuka. Madaraka hutolewa bure. Mshahara hutoka mfukoni. Ndiyo maana mwajiri hushawishika upesi kwamba mtu hupenda madaraka kuliko fedha.

UGONJWA WA KUKAIMU

Kuna njia moja ya kutoa madaraka bure ambayo imeenea kila mahali, nayo ni kukaimu. Twajua kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji jina, ambamo fundi alikabidhiwa funguo za karakana msimamizi wake alipostaafu. Aliambiwa ni kwa muda. Alifungua mlango alfajiri, akagawa kazi, akajaza daftari la vipuri, akajibu kwa meneja kila mashine iliposimama. Mshahara ulibaki wa fundi. Mwaka wa kwanza aliona fahari. Mwaka wa pili alianza kuuliza, akaambiwa angoje. Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mwaka wa tatu aliondoka, akaenda kwa tajiri mwingine aliyempa cheo kile kile na mshahara wake. Kiwanda kikaajiri mtu kutoka nje kushika mahali pake, kwa mshahara ule ule ambao fundi alikuwa amenyimwa.

Hata sheria inaujua ugonjwa huu. Katika utumishi wa serikali, Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inasema mtu asikaimishwe zaidi ya miezi sita. Na kwa wafanyakazi wote, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Basi anayefanya kazi ya msimamizi na kulipwa kama fundi haombi hisani akidai tofauti yake. Anadai haki yake.

Tena mwajiri mwenye akili afanye hesabu. Tuchukue mfano wa fundi anayelipwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Anaomba 6,000 zaidi, yaani 72,000 kwa mwaka. Ananyimwa, anaondoka. Mgeni anayekuja anahitaji miezi mitatu kuzijua mashine, na katika miezi hiyo tuseme anafanya nusu ya kazi. Amelipwa 135,000, na kazi iliyopatikana ni ya 67,500. Hasara hiyo peke yake inakaribia nyongeza ya mwaka mzima, kabla hujahesabu saa za ziada za waliobaki, vipuri vilivyoharibika na mashine iliyosimama. Na mgeni hakukubali kuja kwa 45,000.

Henry Ford wa Detroit hakuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi. Alivipiga vita miaka mingi. Lakini hesabu hii aliijua. Mwaka 1913 watu waliacha kazi kiwandani kwake kwa wingi hata ikambidi kuajiri mara kadhaa kwa nafasi ile ile. Mwezi wa Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya mshahara wa zamani, na kuhamahama kukapungua sana. Kazi ya mnyororo haikuwa na madaraka yoyote. Kilichobadilika ni malipo.

TUNALOWAAMBIA WENZETU

Sasa tugeuke kwetu, maana si haki kumsema tajiri peke yake.

Kwanza, tusiogope madaraka. Wako wenzetu wakiona fundi amepewa usimamizi husema papo hapo, huyo sasa ni mtu wa mkubwa. Maneno hayo huwafukuza watu hodari kama mshahara mbaya unavyowafukuza. Nyapara mbaya tumemjua; lakini tukimkataa kila anayepanda kutoka kwetu, tutaletewa msimamizi kutoka nje asiyejua jasho letu, na kosa litakuwa letu. Cheo ni dhamana. Anayekishika kwa haki asaidiwe. Anayekitumia kuwaonea wenzake aelezwe ndani ya mkutano.

Pili, mtu asidai malipo ya cheo huku akikwepa kazi ya cheo. Anayetaka kulipwa kama msimamizi na aje kabla ya saa, aandike daftari, amfundishe kijana. Chama hakiwezi kumtetea mtu ambaye wenzake wenyewe hawamwoni kazini.

Tatu, asikubali mtu yeyote kukabidhiwa funguo kwa maneno ya mdomo. Akiitwa ofisini, ajibu kwa adabu: ninakubali kazi, naomba barua. Barua iseme mambo matatu: kazi yenyewe ni ipi, malipo yake ni kiasi gani, na kukaimu kutakwisha tarehe gani. Nakala aipeleke kwa mwakilishi wa chama. Bila barua, ushahidi wa mtu siku ya kesi ni sauti yake tu.

SHAURI LETU KWA MKUTANO

Tukiulizwa ni kipi bora, mshahara au madaraka, jibu letu ni hili. Mshahara wa haki hutangulia, kwa sababu mtu asiyelala kwa madeni hana nafasi moyoni ya kufurahia cheo. Madaraka hufuata, kwa sababu mtu aliyeshiba lakini hasikilizwi ataondoka naye, ila atachelewa kidogo. Lakini madaraka yanayoletwa mahali pa mshahara si zawadi. Ni kazi ya ziada isiyolipwa, iliyofungwa kwa utepe. Mkono mtupu haulambwi.

Kwa hiyo tunashauri tawi lisilikatae jibu la matajiri, bali lilikamilishe. Viongozi wa zamu tunawataka. Wasimamizi kutoka miongoni mwetu tumewataka siku nyingi. Wawakilishi wetu warudi mezani na kusema: vyeo vyote mlivyovitaja tunavipokea, na kila kimoja kiandikwe katika mkataba pamoja na kiwango chake cha mshahara, kukaimu kusizidi miezi sita, na nyongeza ya mafundi wa daraja la kwanza ibaki mezani kama ilivyokuwa, maana wasimamizi watakuwa wachache na mafundi ni wengi. Wakikubali, tutajua walisema kweli kwamba wanataka kuwazuia watu hodari. Wakikataa, kila mwanachama atajua walichotaka kukizuia ni fedha.

Njooni mkutanoni kwa wingi, na kila mtu aliyekaimishwa bila barua aje na tarehe aliyoanza. Tutaziandika zote, na orodha hiyo ndiyo itakayowekwa mezani.

Umoja ni nguvu.